Mawaridi kumi na mawili ya uzi: nilivyojifunza kufuma shada ukubwani, na mama alivyonigundua

Wakuu, amani iwe nanyi humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Miaka mingi nasoma za wenzangu na kucheka peke yangu kwenye foleni ya malori, sijawahi kuandika hata mstari. Leo naandika. Yote haya yamenitokea mwenyewe, hapahapa Songwe, sio chai. Majina ya watu nimeyageuza kidogo, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Na nyie wenye kazi ya kuhamisha mada, naomba hii msiitupe jukwaa la urembo. Mimi ni mwanaume, nina mke na watoto watatu, na ndevu ninazo.

Naishi Chapwa, Tunduma. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, yale makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Aliyewahi kupita kwetu anaijua ile foleni. Nusu ya kazi yangu ni kukimbia na faili, nusu nyingine ni kukaa kusubiri. Huko kwenye kusubiri ndiko nilikojifunza kufuma shada la maua kwa uzi, nikiwa na miaka arobaini na moja.

Niseme ukweli, sikujifunza. Nilikumbuka. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Kwetu ni Mbebe, wilaya ya Ileje, juu kule kwenye baridi. Mwezi wa sita asubuhi ukitoka nje ukaongea, moshi unatoka mdomoni. Mama yangu alikuwa mfumaji wa vitambaa. Wale wa rika langu mnavikumbuka vile: cha mgongo wa kochi, cha mikono ya kochi, cha meza, cha kufunikia mtungi wa maji, cha redio. Redio yetu ilikuwa inavaa vizuri kuliko mimi.

Kwetu binti akiolewa anaondoka na seti ya vitambaa, na wengi walikuja kumfumisha mama. Kwa watoto wake mwenyewe alikuwa na desturi yake. Mtoto akianza maisha, awe wa kike au wa kiume, mama anakwenda na seti aliyoifuma kwa mkono wake, na anatandika mwenyewe kochi moja moja. Alikuwa akisema, "Nyumba ya mwanangu haijawa nyumba mpaka niitandike." Sisi tuko watano, mimi wa mwisho.

Nikiwa na miaka minane nilianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nikavunjika mguu. Nikafungwa plasta, nikakaa nyumbani muhula mzima. Mtoto wa miaka minane asiyeweza kukimbia ni mateso kwa kila aliye karibu naye, mama akachoka na makelele yangu. Siku moja akanipa sindano ya kroshia, ile fupi yenye ncha iliyojikunja kama ndoano, na uzi mwekundu uliobaki kwenye kazi ya watu. Akasema, "Shika hii, ninyamazie."

Nikanyamaza kweli. Nilipenda sana wakuu, sitaficha.

Kwenye vitambaa vya maharusi mama alikuwa anaweka waridi la uzi katikati, lililoinuka kama ua la kweli. Akaniachia kazi ya mawaridi. Tulikaa barazani, jua la saa nne likitupiga miguuni, yeye na kitambaa, mimi na waridi langu. Alikuwa anahesabu kwa Kindali, lugha ya kwetu, taratibu, na mimi namfuatisha. Mpaka leo nikihesabu kitu chochote kwa umakini nahesabu Kindali, hata makontena.

Shida yangu ilikuwa moja tu. Tundu la mwisho.

Wanaoanza nisikilizeni hapa, maana na nyie litawapata. Mwisho wa kila mstari kuna tundu limelala ubavuni, limejificha, mgeni halioni. Mimi nilikuwa naliruka kila mara. Ukiliruka kwenye kitambaa cha mraba, kila mstari unapungua kidogo, kitambaa kinachongoka, mwisho wa siku umefuma pembetatu. Mama aliziita sambusa. "Lete nione sambusa za leo." Na wala hakuwa anaangalia. Alipitisha kidole ukingoni huku anaongea na jirani mambo mengine kabisa, kidole kikisimama ujue kimekuta kosa. Ananirudishia bila kukatisha mazungumzo yake.

Ule ulikuwa wakati mzuri kuliko wote wa utoto wangu. Nilipopona mguu niliendelea kufuma, ila kwa kificho, vijana wenzangu wasinione.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu.

Nilichaguliwa sekondari ya bweni. Likizo nzima kabla sijaondoka mama alikuwa anafuma kitu na hataki kusema ni cha nini. Siku ya safari akakitoa. Kilikuwa kitambaa cha kufunika tranka langu, cheupe, maua ya bluu kwenye kona nne. Nikaondoka nacho nikiwa nimevimba kichwa.

Bwenini kilidumu siku mbili. Siku ya tatu nilishapewa jina, Bi Harusi. Mnayajua mabweni ya wavulana. Nikasema kitambaa ni cha dada yangu, kimechanganyika kwenye mizigo. Hawakuamini.

Siku ya wazazi kutembelea mama akaja na chakula, na akaja na kitambaa kingine kidogo cha kuweka juu ya kabati. Wenzangu wamesimama pembeni wanatuangalia. Nikakitoa kile cha tranka, nikamrudishia vyote viwili mbele yao, nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mama, haya mambo ya kike usiniletee tena. Nachekwa."

Mama akasema, "Sawa baba." Akakunja vile vitambaa, akavitia kwenye kikapu chini. Akanipakulia wali na kuku, akakaa mpaka nikamaliza kula, akaaga akaenda zake. Hakunigombeza wala hakununa.

Sikushika sindano tena baada ya siku ile, mpaka ukubwani. Na mama hakuniletea tena.

Miaka ikapita. Nikapata kazi Tunduma, nikapanga nyumba Chapwa, nikaoa. Nikangoja mama aje kutandika. Akaja, mwenye furaha zake, na blanketi la dukani na seti ya sufuria. Mke wangu alishakaa kwenye nyumba za ndugu zangu akaviona vile vitambaa, akaniuliza kulikoni sisi tumepewa sufuria. Nikamwambia mama siku hizi amechoka. Mwaka huohuo alimfumia dada yangu makochi saba.

Nyumba nne za ndugu zangu zina mkono wa mama. Ya kwangu haina hata uzi mmoja. Sikuwahi kumuuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa najua.

Subirini kidogo wakuu, dereva wangu ameitwa dirishani.

---

Nimerudi. Samahanini, karatasi lilikosa muhuri.

Tuendelee. Mwaka jana mama akaanza kulalamika macho. Tukampeleka Mbeya, wakasema ni presha ya macho, imemla muda mrefu bila yeye kujua. Kilichokwenda hakirudi. Anatiwa dawa ya matone ili kilichobaki kisiondoke haraka. Jicho moja limeshazima, la pili linaona mwanga na vivuli.

Siku moja kwenye simu nikamuuliza anashindaje. Akasema, "Nakaa tu. Sindano nimezifunga nimeziweka sandukuni, nyuzi sizioni tena."

Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha ofisi kama mtu aliyefiwa. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilikuwa najidanganya kwamba siku moja nitamwomba kitambaa. Sasa macho yanaondoka, na mimi sijaomba. Na ningeanzaje? Unamwambiaje mtu anayepofuka akufumie kitu ulichomtupia mbele za watu?

Wiki hiyohiyo mke wangu akanionyesha video kwenye simu, mabinti wanafuma shada zima la maua kwa uzi, wanapeana kwenye mahafali. Waridi lilelile. Petali zilezile. Vidole vyangu vikasisimka wakuu, sijui niseme vipi. Nikasema nitamfumia mama shada, nimpelekee mkononi, na nikimpa nimwambie nisamehe. Nilijipanga hivyo.

Hapa mpakani kuna mama mmoja Mzambia, anavuka kutoka Nakonde kuja kuuza nyuzi na masweta. Tunamwita Bana Chanda, kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama wafanyavyo Wabemba. Nikamwendea nikanunua uzi mwekundu, wa kijani na sindano, nikamdanganya ni za mke wangu. Akaniangalia mikono. Nilikuwa nimeshika sindano vile unavyoishika ukiwa unataka kuanza, nimejisahau.

"Tata," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita baba, "mkeo ana vidole vyako?"

Nikakubali yaishe. Akanivutia ndoo nikalie. Nikajaribu cheni, yaani kile kitanzi kinachopita ndani ya kitanzi kingine, mwanzo wa kila kitu. Nikakaza kama nafunga turubai la lori, sindano ikagoma kupita. Bana Chanda akafumua yote. "Awe tata, hapana. Umekaza. Uzi si mwizi, hautakimbia." Akaniambia nifume cheni tupu, bila ua, mpaka mkono ulegee. Siku nne nilifuma cheni peke yake.

Nilikuwa nafumia ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mzee mzima.

Jirani na ofisi yangu kuna bwana anaitwa Hamdani, mtu wa Tanga, ana duka la matairi ya malori. Wateja wakikosekana anakaa nje kwenye tairi na kudarizi kofia kwa sindano, zile kofia nyeupe za kuvaa na kanzu. Nimepita mbele yake miaka sijawahi kufikiria chochote. Siku hiyo akanigongea kioo. "Mwenzangu, unafia humo kwa joto. Kama ni kazi ya mkono toka nje, nuru ipo."

Nikamuuliza, "Wewe huchekwi?"

"Na nani?" akauliza. Alikuwa anauliza kweli, hajaelewa swali.

Basi nikahamia nje. Madereva walinitania siku mbili, siku ya tatu mmoja akaniuliza kama naweza kumfumia mkewe. Kwa hiyo niliyemwogopa muda wote nilikuwa mimi mwenyewe.

Wanaotaka kujaribu, waridi linakwenda hivi, naeleza kama nilivyofundishwa na mama. Fuma cheni ndefu, kama kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko. Halafu rudi nayo kwa kile mama alichokiita nguzo: unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia tunduni, unavuta mara mbili, kinapatikana kitu kirefu kinachosimama. Nguzo moja kila tundu mpaka mwisho. Mstari wa pili ndio wa petali. Piga nguzo tano kwenye tundu moja, shikiza tundu la mbele, tano tena, shikiza tena. Kila rundo linajikunja lenyewe. Ukimaliza unakuwa na utepe wenye mawimbi. Uviringishe kuanzia upande mmoja, shona chini, umepata waridi.

Mashina mimi nilitumia vijiti vya mishikaki. Nikavizungushia uzi wa kijani na gundi. Ukiweza tumia waya wa kufungia nondo, unapindika vizuri, ila funika ncha isichome mtu.

Na tundu la mwisho. Msiliruke. Kwenye waridi ukiliruka, petali ya nje kabisa inatoka nusu, kwa macho huwezi kugundua haraka maana inalala chini ya nyingine.

Bana Chanda alikagua mawaridi yangu moja moja. Matatu ya kwanza alifumua. Baada ya hapo nikawa nahesabu kwa Kindali kwa sauti, nikatoa kumi na moja safi. Nilitaka kumi na mawili. La mwisho nikasema nitalimalizia njiani.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Jumamosi asubuhi nikaweka shada kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa sababu ya vumbi, nikaenda stendi ya Mpemba kusubiri gari ya Ileje ijae. Nikakaa siti ya nyuma. Uzi uko mfukoni, waridi limebaki mstari mmoja. Gari ikaanza kujaa, wanaingia watu wa kwetu, nyuso ninazozijua. Nikasahau ya Hamdani yote. Nikaingiza mikono ndani ya jaketi, nikafumia humohumo kwa kupapasa. Nikaviringisha, nikashona, nikalichomeka kwenye kijiti, nikalitia ndoo. Sikuhesabu.

Nilimkuta mama barazani palepale petu, jua la saa nne miguuni. Amepungua mwili. Alinijua kwa hatua, akaita jina langu kabla sijabisha hodi. Lakini hakuwa peke yake. Kaka yangu mkubwa alikuwepo, na wazee wawili wa kanisani wamekuja kumjulia hali.

Nikasalimia, nikapewa kiti. Nikafungua ndoo. Shada likatoka, jekundu, kubwa, baraza zima likageuka kuangalia.

Mama akalipokea kwa mikono miwili akaliweka mapajani. Akalinusa. "Maua gani haya baba, hayana harufu?"

"Ya uzi mama."

Kidole chake kikaanza kutembea. Ua la kwanza, la pili, la tatu. Uso wake ukabadilika, wakuu. Ukawa uso niliouacha miaka ile. "Hii ni kazi," akasema. "Nani amefuma?"

Kaka yangu akacheka. "Siku hizi huko Tunduma wanaume mnapelekeana maua?" Wale wazee nao wakatabasamu, wananiangalia.

Na mimi, mtu niliyejipanga miezi miwili, nikasema, "Nimenunua. Kuna mama mmoja wa Nakonde anatengeneza."

"Mwambie ana mkono mzuri," mama akasema.

Sijawahi kujichukia namna ile. Nilikuwa nimerudi bwenini. Watu walewale wamesimama pembeni, kitambaa kilekile, na mimi nimekikana tena mbele ya mama yangu. Chai ikaletwa, sikuimeza. Nikawaza kama nitaondoka hivi basi nimeondoka moja kwa moja, sitarudi kusema.

Baadaye wageni wakaaga, kaka akawasindikiza. Nikabaki na mama. Yeye alikuwa bado na shada mapajani, anapitisha kidole ua moja moja, hana haraka. La tisa. La kumi. La kumi na moja.

Kidole kikafika la kumi na mbili kikasimama.

Kikarudi nyuma kidogo. Kikasogea. Kikasimama palepale.

"Huyo mama wa Nakonde," mama akasema, "nani alimfundisha kuruka tundu la mwisho?"

Nikasogeza kiti karibu yake.

"Sambusa," akasema polepole, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Nililia wakuu. Nilipiga magoti pale barazani nikalia kama mtoto, nikamwambia ni mimi nimefuma, yote, na nimeona aibu kusema mbele ya kaka. Nikamwambia kuhusu bweni, kuhusu siku ile ya wazazi, kwamba sijawahi kusahau, kwamba nyumba yangu haina kitambaa chake na najua kosa ni langu. Nikasema nisamehe mama.

Akanishika kichwa. "Mimi sikukukasirikia," akasema. "Uliniambia unachekwa. Nikaona nikikuletea watakucheka na huko Tunduma."

"Miaka yote hiyo mama?"

"Wewe hukusema wameacha. Nilidhani bado wanakucheka."

Hilo nalibeba mpaka nakufa. Mimi nilijua nimenyimwa. Kumbe miaka yote nilikuwa nalindwa.

Nikamuuliza kile cha tranka kiko wapi, nikitegemea kwamba amekitunza mahali. Akasema alimpa binti wa jirani akaolewa nacho Ikinga. "Kitambaa si cha kukaa kikapuni, baba." Iliniuma, lakini ana haki.

Halafu akasema, "Kaniletee sindano. Sandukuni, chini ya kitenge cha njano."

Nikaleta. Akalichomoa lile waridi la kumi na mbili kwenye kijiti, akakata mshono wa chini kwa meno, akaliviringua. Akatafuta mwisho wa utepe kwa kidole gumba, akafumua petali ile mbovu. Akaniuliza ni rangi gani. Nikamwambia nyekundu. "Vizuri," akasema, akaingiza sindano tunduni.

Macho yake yalikuwa yanaangalia mbele, shambani, hayaangalii chochote. Mikono ilikuwa ileile. Alihesabu kwa Kindali, nguzo moja, mbili, mpaka tano, na mimi nikajikuta namfuatisha kama zamani. Alipofika mwisho akakipapasa kile kitundu kilicholala ubavuni, akaniwekea kidole changu juu yake nikiguse, ndipo akakifuma. Akaviringisha, nikamtungia uzi kwenye sindano ya kushonea, akashona mwenyewe.

Akanipa. "Haya kumi na moja ni yangu, umenifumia mwanangu. Hili ni kazi ya mkono wangu, peleka kwako. Siwezi tena seti ya makochi. Kaliweke ndani, mwambie mkeo mama ameshatandika."

Kaka aliporudi nilimwambia mwenyewe nani amefuma. Akaguna, akachukua ua moja akaligeuzageuza, akauliza hizi petali zinajikunjaje. Ndiyo ikaishia hapo.

Waridi liko sebuleni kwangu Chapwa juu ya redio. Mke wangu kila mgeni akija anamwambia ni la mama mkwe. Mama naye kumi na moja yake yako kwenye jagi mezani, anayahesabu kwa kidole kila asubuhi. Sindano hazikurudi sandukuni. Namnunulia uzi mnene, rangi moja, anafuma mikanda mirefu ya kuviringisha, mimi nikienda nashona. Jicho la pili linaendelea kufifia, sitawadanganya kwamba limepona.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Usifumie ndani ya jaketi, huwezi kuona tundu la mwisho. Na kama kuna mtu uliwahi kumwambia asikuletee tena, mpigie simu umwambie wameshaacha kucheka, maana yeye hajui, anakusubiri.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye maswali ya waridi ulizeni, najibu nikiwa foleni. Wenye kunicheka nao karibuni, nakaa nje siku hizi. Ila naomba kila atakayepita hapa aandike kitu kimoja: mama yako aliwahi kukufumia nini, na kilikuwa rangi gani.

Naanza mimi. Kitambaa cha tranka. Cheupe, maua ya bluu kwenye kona nne.